Usingizi wa Mchana wa Diem

Kila asubuhi, kabla Diem hajafunga kitambaa chekundu cha shule shingoni, Bibi alifungua kichupa chake cha mafuta ya kijani. Alimpaka mjukuu wake kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na chini ya pua, akamsugua mpaka ngozi ikawaka. Mafua, kichefuchefu, kuumwa na mbu, hata utundu, kwa Bibi dawa ilikuwa moja.

“Leo utatulia, mjukuu wangu. Umenisikia?”

“Ndiyo, Bibi,” Diem alijibu, machozi yakimlengalenga kwa ukali wa mafuta.

Kutulia ndiko kulikomshinda. Shuleni, baada ya wali na supu ya mchana, wanafunzi waliunganisha madawati, wakatandika mikeka juu yake na kulala hadi vipindi vya alasiri. Wenzake walilala fofofo. Diem alijigeuza, akajikuna, akapiga mateke. Feni ilimkera masikioni, mkeka ulimchoma mgongoni, na mafuta yalizidi kumuunguza kila alipotoka jasho. Akitikisika yeye, safu nzima ilitikisika.

“We Diem, umekalia siafu?” Tuyen, jirani yake, alifoka kwa kunong’ona. “Tuache tulale!”

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Jana yake Mwalimu Nhan alimwambia mama yake kwamba wazazi wamelalamika. Diem akiwaamsha wenzake tena, itabidi awe anachukuliwa kila mchana. Mama alishona viatu kiwandani, na kule hakuna anayetoka kabla ya jioni. Bibi naye macho yake hayakumudu barabara za mji wa Bien Hoa zilizojaa pikipiki.

“Nikiacha kazi, mwanangu, tutakula nini?” Mama alisema njiani. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Diem zaidi.

Kwa hiyo mchana ule Diem alivua kitambaa chake chekundu, akaifunga miguu yake pamoja, akakaza kwa nguvu zake zote. Alilala akiuma mto. Nyayo zilianza kufa ganzi, lakini hakupiga teke hata moja. Kisha mwili ukamshinda. Alijipindua, akakosa mguu wa kujizuia nao, akaanguka chini pamoja na dawati. Darasa zima liliamka likipiga kelele.

“Diem!” Mwalimu Nhan alikuja mbio. “Kitambaa cha shule ndicho cha kuchezea?” Kisha akaona vifundo vya miguu vilivyovimba. Sauti ikamshuka. “Nani amekufunga?”

“Mimi mwenyewe, Mwalimu. Usinifukuze. Mama atakosa kazi.”

Mwalimu alipiga magoti, akafungua fundo taratibu.

“Kila siku nakwambia utulie,” alisema, “na sijawahi kukuuliza kinachokuzuia. Niambie sasa.”

Diem alieleza yote: feni, mkeka, miguu inayotaka kusukuma kitu. Alipofika kwenye mafuta alisita, maana aliona kama anamsengenya Bibi. Mwalimu alimpeleka bombani, akamwosha uso.

“Kesho tutajaribu njia nyingine. Sijui kama itafaa. Lakini habari ya mafuta lazima uiseme nyumbani mwenyewe.”

Asubuhi iliyofuata kichupa kilifunguliwa kama kawaida. Diem alipiga moyo konde.

“Bibi, usinipake. Yananiunguza. Siku zote yananiunguza.”

Mkono wa Bibi ulibaki hewani. Akafunga kichupa, akaenda nacho chumbani. Diem alitoka nyumbani akilia, akiamini amemvunja moyo mtu anayempenda kuliko wote.

Mchana Mwalimu alimpa kazi ya kusukuma madawati yote, Tuyen akimsaidia.

“Polepole, trekta wewe! Utanivunja vidole!” Tuyen alilalamika huku akicheka.

Walisukuma mpaka mikono ikachoka. Mwalimu akamlaza Diem kando ya ukuta, mbali na feni, akamtandikia shuka juu ya mkeka, na kumwekea begi la vitabu mapajani. Ule uzito ulimpendeza. Miguu ilicheza kidogo, ikaacha. Kengele ilipolia, Tuyen ndiye aliyemtikisa.

“Amka, wewe! Leo umekoroma!”

Jioni Bibi alikuwa mlangoni, akikodoa macho kutafuta kivuli cha Diem.

“Umelala?”

“Nimelala, Bibi. Mpaka kengele.”

Bibi alimvuta kifuani. Mikono yake haikunuka mafuta, ilinuka sabuni.

“Mbona ulinyamaza muda wote huo?”

“Niliogopa utahuzunika.”

“Nimehuzunika kweli, kutwa nzima. Lakini huzuni yangu itapita, mjukuu wangu, na wewe ungeendelea kuungua.” Alimshika mashavu. “Mwili huo unausikia wewe peke yako. Ukiumia, sema, hata kama anayekuumiza anakupenda. Na sisi wakubwa tujifunze kuuliza.”

Kisha akanyoosha mkono kuelekea mabega ya Diem, akausimamisha kabla haujafika.

“Nikukande?”

“Nikande, Bibi,” Diem alisema. “Kwa nguvu.”