Kengele ya Kanisa la Juu

Rafiki yangu Byukusenge, muuza maziwa wa Masisi, hapendi kusimulia jambo hili. Nililipata kwake kidogo kidogo.

Kanisa lao la kilimani, lililojengwa na babu zao, liliteketea wakati wa vita, na waliokimbilia ndani hawakutoka. Miaka mingi baadaye walionusurika wakajenga lingine chini, kando ya barabara, la mbao na turubai. Lilikosa kengele tu. Basi katekista, mzee waliyemwita Papa Hakorimana, akamtuma Byukusenge alete ile ya zamani: janti ya kamio, chuma kizito cha gurudumu la lori, iliyokuwa bado inaning'inia mtini mbele ya magofu.

Aliifungua asubuhi, ukungu umefunga kila kitu, akaibeba begani. Katikati ya mteremko akasikia kengele inalia nyuma yake, kule juu alikotoka. Akaikumbatia janti kwa mikono miwili. Ilikuwa imetulia tuli, baridi.

Alipofika chini akauliza, "Papa, kule juu kuko muntu?"

"Muntu gani tena? Wote tulishawazika."

Wakaitundika. Waumini wakakusanyika. Papa Hakorimana akaigonga kwa nyundo, kwa nguvu zake zote, na janti haikutoa sauti hata kidogo. Kule kilimani kengele ikalia.

Akagonga tena. Ikalia tena, huko huko. Mama Nyirabahire, aliyeacha watoto wawili ndani ya lile kanisa, akasimama.

Papa Hakorimana akaitupa nyundo chini.

Kule juu hawakuacha kugonga.