Kiti cha Nyuma

Nilifika kwa Castory jua likizama ng'ambo ya reli, nimefunga gunia kwenye kiti cha nyuma na hasira nimeibeba mwenyewe. Ndani ya gunia mlikuwa na ekzosi ya kimya, ile iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Mmiliki wa kwanza aliing'oa akaweka bomba la mbio, na bomba hilo lilinguruma mpaka mabati ya majirani yanatetemeka.

"Leo ng'oa hilo bomba," nilimwambia kabla hata ya salamu. "Nimechoka."

Castory ndiye fundi wangu hapa Ihumwa, Dodoma. Mkono mzuri, mdomo mbaya. Aliizunguka pikipiki huku akisikitika kwa sauti, kama mtu aliyeitwa kuangalia maiti.

Nieleze kidogo. Ni pikipiki ya mbio, injini ya cc mia sita, niliinunua mkononi kwa kijana mmoja wa mjini anaitwa Elisante. Sikuinunua kwa sifa, kama wanavyonisema ofisini. Mke wangu Mwajabu alikuwa amekwenda kwa mama yake, huko milimani Kondoa, kujifungulia nyumbani kwao kwa kuwa ni uzazi wa kwanza. Nilitaka simu ikipigwa, niwashe, niwe nimefika kabla mtoto hajafika. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani.

Lakini pikipiki ile! Naweka tairi la nyuma jipya, mara limeisha. Naweka cheni, imelegea. Pedi za breki zinayeyuka kama sabuni kwenye maji. Oili inatoka nyeusi tii, na mimi naitoa Ihumwa kwenda ofisini Mtumba na kurudi, basi! Kila mwisho wa mwezi nakuna kichwa: nianze na shokapu, sproketi, au mita ya kilometa iliyokufa? Mita niliiweka mwisho kila mara. Sikuona faida yake.

Mwili nao ulikuwa umeanza vituko. Naamka viganja vinawaka, kiuno kimekaza. Nasinzia mezani hadi bosi akanivuta pembeni. Na Mama Edina, mwenye nyumba wangu, kila asubuhi hadithi moja: eti natoka na lipikipiki langu usiku, narudi kabla ya adhana. Mimi ninayelala kama gogo! Mwishowe alinipa onyo, kelele ziishe au nihame.

"Shokapu ya nyuma imekufa tena," Castory alisema akiwa amechuchumaa. "Kaka, niambie ukweli. Usiku unapiga bodaboda?"

"Bodaboda na pikipiki ya mbio? Una akili wewe?"

"Basi mzigo huu unatoka wapi?" Aliukandamiza mkia wa pikipiki kwa mikono miwili. Ulilia... kriii... haukurudi juu. "Hii inabeba watu. Na si mmoja."

"Ng'oa bomba, Castory."

"Kwanza shokapu."

"Kwanza bomba! Mwezi huu nina uwezo wa kimoja tu, na atakayenifukuza nyumba si shokapu."

Alinung'unika, akafungua gunia. Alipoinamia kiti cha nyuma alijirudisha ghafla, akafunika pua. Nami nikaisikia. Harufu ya ngozi mbichi na majivu. Castory alibandua kitu kwenye mshono wa kiti, akakiinua kwenye mwanga uliobaki.

Manyoya. Magumu, ya kijivu, yenye madoa.

"Mbwa wa Mama Edina," nilisema upesi.

"Mbwa," alisema Castory, akayafuta kwenye suruali, akabadilisha bomba, na tangu hapo hakutania tena.

Simu ikaita. Alikuwa Mwajabu, anacheka.

"Mume wangu, huku kuna pikipiki inalia kama yako kabisa! Usiku inapita. Nikiisikia tu mtoto anaanza kucheza, anadhani baba yake."

"Wahuni hao."

"Inakuja mpaka nyuma ya nyumba, inanyamaza. Mama anaamka, anawasha taa, anatoka na mchi anafoka. Ndipo inaondoka." Kisha akashusha sauti. "Mama hapendi. Anasema asingeisikia..."

Castory aliwasha injini kujaribu, nikageuka kuitazama, mwisho wa maneno yake ukanipita. Na injini yenyewe karibu nisiisikie. Ilikuwa inaunguruma chini chini tu, kama paka amelala. Nilifurahi kwelikweli. Baada ya miezi ya kusumbuliwa, hatimaye kitu kimoja kwenye pikipiki ile kilikuwa kimekubali!

Nilimwambia Mwajabu nampenda, nikakata. Nilirudi nyumbani nikipita madirishani kwa watu, na hakuna aliyegeuka.

Nililala.

Asubuhi viganja vilikuwa vimevimba. Nilitoka uani, Mama Edina ananikaribisha kwa tabasamu.

"Afadhali, Shaaban. Jana umetulia."

Nilikuwa nataka kujibu nilipoona magurudumu. Matope mekundu mpaka kwenye cheni. Dodoma mvua ilikuwa haijanyesha. Niligusa injini.

Ilikuwa ya moto.

Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye usukani, na mimi koti huliweka chumbani. Kiunoni, pande zote mbili, palikuwa na alama za viganja vya majivu. Vidogo, vyembamba, vimepandana. Ndivyo abiria anavyomshika dereva.

Simu ikaita. Safari hii alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

"Jana hatukuisikia," alisema. "Njoo, baba."

Jinsi nilivyofika Kondoa sijui. Najua tu kwamba kila kona pikipiki iliingia yenyewe kabla sijainamisha mwili. Nilipoiacha lami na kushika njia ya mlimani, ambayo hupandwa kwa miguu, haikusita hata kidogo. Ilikuwa inaijua.

Mwajabu alikuwa amekaa kitandani na khanga mapajani. Aliniangalia kama mtu anayetafuta alikoweka kitu. Tumbo lake lilikuwa bapa. Hakuna damu. Hakuna uchungu. Alilala na mimba ya miezi tisa akaamka hana.

"Nilisikia harufu yako," aliniambia. "Harufu ya koti lako. Nikasema ni mume wangu, nikaendelea kulala."

Nililia mbele ya mkwe wangu bila aibu. Hospitalini mjini daktari alimpima mara mbili, kisha akatuuliza kama tuna uhakika. Tulimwonyesha kadi ya kliniki. Aliishika muda mrefu, akaturudishia, akaita mgonjwa mwingine.

Tuliporudi, mama mkwe alinipeleka nyuma ya nyumba. Alama za tairi zilikuwa zimekata udongo mwekundu vizuri kabisa. Nilizijua. Tairi lile nililichagua mwenyewe, nikabishana na Castory mchana kutwa kuhusu meno yake.

"Zamani wachawi walipanda fisi," alisema taratibu, bila kuniangalia. "Fisi ananuka, fisi analia. Unamsikia angali mbali, unaamka."

Nilimpigia Elisante papo hapo.

"Kwa nini uliweka lile bomba la kelele?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, "Umelitoa?"

"Nijibu!"

"Niliweka ili niwe naamka. Mimi sikuamka hata siku moja. Lakini watu kule niliko... niliko... nilikokuwa napelekwa, waliamka." Akakata. Namba ile haijapatikana tena.

Bomba la mbio limerudi mahali pake. Nililifunga mwenyewe jioni ileile niliyorudi Ihumwa. Ninajikasirikia, namkasirikia Elisante, naikasirikia ile mita ya kilometa. Kitu kidogo kile kingeniambia kila kitu, na nilikipuuza.

Watu wote wananishauri niuze au nichome moto. Castory alishika hata kiberiti. Hawaelewi.

Juzi asubuhi Mama Edina alinisubiri mlangoni amejifunga khanga kifuani. Nilijua ni kelele, nikaanza kuomba radhi. Alitikisa kichwa.

"Pikipiki nimeizoea. Lakini huyo mtoto unayerudi naye alfajiri, Shaaban, mbona hamumnyonyeshi? Analia mpaka mnapofika getini, halafu simsikii tena. Unampeleka wapi?"

Siuzi. Pikipiki hii peke yake ndiyo inayojua mwanangu yuko wapi.

Jana jioni nimeipeleka tena kwa Castory. Mita imetengenezwa. Tairi jipya, breki mpya. Aliponiuliza shokapu aiweke ngumu au laini, nilimwambia ailegeze iwezekanavyo, maana njia ya mlimani ina mashimo na mtoto bado mchanga.