Sahani Tupu ya Askari

Kila asubuhi, kabla hata ya kwenda kuteka maji, Milembe alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine pale kijijini Nkololo aliyekuwa nayo: kumchoma paka sindano.

Paka huyo aliitwa Askari, kwa sababu alilinda kihenge cha mahindi, na panya walimjua. Mwaka ule alianza kukonda na kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kisha bibi yake Milembe, Bibi Wilhelmina, akaona sisimizi wamejaa pale Askari alipokojoa. Bibi mwenyewe alikuwa na kisukari, na dalili hiyo aliijua vizuri. Bwana mifugo, Novatus, alipima mkojo, akaona ni kweli. Akaandika kwenye karatasi: alama moja ya insulini asubuhi, alama moja jioni, baada ya kula.

Majirani walicheka. "Paka ana kliniki! Kesho tutasikia jogoo amevaa miwani."

"Chekeni tu," Bibi aliwajibu. "Panya wakihamia kwenu, msije kwangu kumwazima Askari."

Kichupa cha dawa walikinunua katika duka jipya la dawa mjini Bariadi. Walikiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, kisipate joto. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Kwa hiyo Milembe, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyesoma alama kwenye bomba la sindano, za paka na za Bibi pia.

Jumamosi moja asubuhi Bibi alikuwa akibangua karanga.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Niko mtupu, lakini simtaji aliyenimaliza."

"Kihenge?"

"Wapi! Fikiri, la sivyo utanipa mji."

Mara kipaza sauti kikalia barabarani. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa wanunuzi wapya walikuja na malori yenye muziki. Salu, rafiki yake Milembe, akaita kutoka kwenye uzio wa minyaa, "Milembe, njoo! Wanagawa kofia!"

Milembe aliweka sahani ya dagaa mlangoni, akakimbilia kwenye uzio kumwambia Salu amsubiri. Aliporudi, sahani ilikuwa nyeupe, haina hata dagaa mmoja. Alivuta dawa hadi alama moja, akainua ngozi ya shingo ya Askari, akachoma.

"Amekula?" Bibi aliuliza.

"Amekula, Bibi. Nimemwona."

Akaondoka mbio.

Alirudi karibu saa sita, kofia kichwani. Askari hakuja kumpokea. Milembe alimkuta nyuma ya kihenge, anayumba kama mlevi. Alijaribu kupiga hatua, akaanguka ubavu. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama mtu.

"Bibi! Askari anakufa!"

Bibi alikuja akijikongoja, akampapasa. "Kalegea kabisa. Kama alikula vizuri na dawa akapata, basi dawa haikutosha, sukari imepanda mno. Lete kichupa, tumwongezee."

Milembe alikwenda kwenye chungu. Aliwaona kuku watatu pale mlangoni, wanadonoadonoa kando ya sahani. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, Bibi atachoma tena.

Alirudi mikono mitupu.

"Kichupa kiko wapi?"

"Bibi, usimchome! Sikumwona akila. Nilikuta sahani tupu tu. Nadhani ni kuku waliokula."

Bibi hakumgombeza. "Asali! Kimbia!"

Milembe alileta asali. Bibi alichovya kidole, akampaka Askari kwenye fizi, kidogo kidogo, asipaliwe. Akampaka tena. Milembe alishika kifua cha paka, akihesabu pumzi, akiogopa ile itakayokuwa ya mwisho. Machozi yalidondokea manyoya.

Kisha ulimi ukatoka, ukalamba. Baada ya muda Askari aliinua kichwa, na alipoweza kusimama walimpa dagaa. Safari hii Milembe alikaa palepale mpaka dagaa wa mwisho akaisha.

Salu alitumwa kumwita Novatus. Alifika na baiskeli yake, akampima paka, akasikiliza habari yote.

"Sindano ya pili ingemmaliza," alisema. "Sukari ilikuwa imeshuka, siyo kupanda. Mgonjwa akilegea hivi na hamjui sababu, dawa kaeni nayo mbali kwanza."

Milembe aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Niliogopa kusema."

"Hata mimi nimeogopa, mjukuu wangu," Bibi alisema, akamvuta karibu. "Nimeogopa mara mbili, maana sindano yangu pia unaisoma wewe. Mimi naona kwa macho yako. Ulichokiona, sema umekiona. Usichokiona, sema hukukiona. Hapo hata ukikosea, tutawahi kurekebisha."

Asubuhi iliyofuata kuku walifungiwa bandani. Bibi aliuliza kutoka ndani, "Amekula?"

"Nusu, Bibi. Niko naye hapa."

"Basi tumsubiri amalize."

Milembe aliitazama sahani, akacheka peke yake.

"Bibi, mji sikupi! Jibu ni sahani."