Herufi Mia Tano

— Dada yako ametuuzisha, Elisée. Sema tu.

— Hapana, grand. Mashine njo inachelewesha.

— Mashine haijue uongo. Batu njo bajua.

9h41. Chumba ya nyuma ya cyber, commune Tshopo. Sefu, mukubwa wa bande ya wezi, alikaa juu ya casier ya chupa za pombe, bastola ku magoti. Elisée alikuwa mbele ya écran ya mashine, jasho ku shingo. Issa, mutu wa kisu, alitoka 9h30. Alisema anatafuta sigara.

Plan iliwekwa mu hii chumba, siku tatu nyuma. Wivine, dada ya Elisée, anatumika ku comptoir, nyumba ya kununua diamant. Colis ya diamant ikitoka kwenda ku ndege, anaandika maneno mbili. Inapita mu serveur ya Elisée, mu module, programu aliandika yeye mwenyewe, inatokea ku écran. Sefu anaita batu yake ku radio, banakata barabara, banaikamata.

Colis ilipashwa kutoka saa tatu. Écran ilikuwa nyeupe mupaka sasa.

Sefu alisema Wivine amekula na basoda benye kuchunga colis. Écran ikinyamaza mupaka 10h00, ule dada hataona saa sita ya muchana.

9h47. Elisée alifungua journal, daftari ya serveur. Inaonyesha saa tu, si maneno. Mistari tatu. Iliingia. Haikutoka.

Akafahamu. Module yake iko na mufuko: inachunga maneno mupaka herufi mia tano, njo inamwanga yote ku écran. Siku ya kujaribu Wivine aliandika kama batu ya kwetu: mama alilala muzuri, homa ya mutoto imeshuka, mvua, pondu ya kupika, yote. Ilijaa, ikatoka mbio. Leo Sefu alikataza salamu.

— Njo wewe, grand. Maneno fupi haijazi mufuko.

— Sasa kosa iko yangu?

— Nipe dakika mbili.

Wakati ya kutengeneza module haikuwa. Akaijaza yeye mwenyewe: jambo dada, na mama, na homa, na mvua. Herufi mia tatu. Mia ine.

9h53. Mufuko ikamwangika.

9h04: Colis imetoka.
9h06: Basoda wawili tu.
9h44: Issa amefika. Anauliza kama niko peke yangu.

Diamant ilikuwa imepita zamani. Elisée hakuiwaza hata.

— Ulisema 10h00.

Sefu alisoma écran mara mbili.

— Muite ku radio, grand. Muite.

— Issa habebake radio nikimutuma kazi.

Aliingiza bastola mu mukaba, akageuka, akaenda. Mulango aliiacha wazi.