Mapigo Arobaini na Matatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Melkiori alivaa sweta. Lilikuwa sweta zito la sufu, alilolileta kutoka kwao Rombo, ambako asubuhi kuna baridi. Dar es Salaam haina baridi hiyo. Juu ya sweta alivaa koti la mvua la nailoni. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Utakuja kuzikwa na sweta hilo," alisema mkewe, Candida.

"Niache, Mama Augustino. Mafuta huyeyuka kwa joto. Samli je, haiyeyuki?"

"Samli haina moyo, Baba Augustino."

Melkiori alifungua mlango. Alitoka kwenda mchakamchaka.

Ulikuwa mwaka 1974. Melkiori alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Alikuwa na duka la sufuria, taa za chemli na misumari katika Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Miaka kumi na mitano alikuwa amekaa nyuma ya meza ya duka hilo. Akaota kitambi.

Zamani watu waliona kitambi wakasema ni neema. Sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Katika magazeti, mnyonyaji alichorwa mwenye kitambi, akaitwa kupe. Wateja waliingia dukani, wakatazama tumbo la Melkiori, kisha wakatazamana. Aliyesema wazi ni Bushiri, fundi cherehani wa baraza la jirani, mtu mwembamba kama sindano yake.

"Mangi," alisema Bushiri, kama walivyoitwa wenye maduka waliotoka Uchagani, "mjumbe akija kuhesabu watu wa nyumba hii, hilo tumbo itabidi alihesabu peke yake."

"Shona suruali za watu, Bushiri."

"Nashona. Yako tu ndiyo inanimalizia kitambaa."

Watu walicheka. Melkiori alicheka pia, lakini usiku hakulala vizuri. Mtaa ulipoanzisha mchakamchaka wa kila asubuhi, yeye alikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Candida alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mwezi wa pili mwaka huohuo walikuwa wamemzika Leodegar, kaka yake Melkiori. Leodegar alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alianguka akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuamka. Daktari alisema ni moyo.

Kila asubuhi wanaume ishirini walikimbia kutoka Mchikichi mpaka uwanja wa Jangwani na kurudi. Kiongozi wao alikuwa Seifu, kijana mpakiaji wa bandarini. Melkiori alikimbia mstari wa mbele, ndani ya sweta na koti lake. Aliporudi, alipanda juu ya mizani kubwa ya kupimia misumari. Kisha aliandika kwa chaki ukutani: kilo moja imepungua. Siku nyingine aliandika: kilo moja na nusu.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Mizani haisemi uongo."

"Ukipima jioni zimerudi," alisema Candida. "Mbona jioni huandiki?"

Wiki ya tatu, Melkiori alirudi akiwa amekunja uso. Alitaka kupanda mizani, akashindwa kuinua mguu. Akakaa juu ya sanduku la misumari. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kifua kilipanda na kushuka.

Siwema alikuwa uani akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa nesi wa zahanati, na alipanga chumba cha nyuma katika nyumba hiyo. Candida alimwita. Siwema alikuja na saa yake mkononi. Alimvua Melkiori koti na sweta. Sweta lilidondosha maji sakafuni.

Siwema aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa Melkiori, upande wa kidole gumba. Alitazama mshale wa sekunde. Midomo yake ilihesabu bila sauti.

"Arobaini na matatu," alisema.

"Arobaini na matatu nini?" aliuliza Melkiori.

"Mapigo ya moyo kwa robo dakika. Zidisha kwa nne upate dakika nzima."

Melkiori alikuwa mwepesi wa hesabu. "Mia moja na sabini na mbili."

"Ndiyo. Sasa kaa kimya dakika tano. Usiseme, usisimame. Mama Augustino, mletee maji."

Dakika tano zilipita. Nje, mafundi waliojenga soko jipya la Kariakoo walikuwa wameanza kugonga mawe. Siwema alihesabu tena.

"Thelathini na nane. Umepumzika dakika tano, na moyo wako bado unakimbia. Kesho hutakimbia, Baba Augustino."

"Kesho nipo mstari wa mbele."

"Nimeshona nguo nyeusi mara moja mwaka huu," alisema Candida. "Sishoni tena."

"Mkitaka nijifiche ndani, watasema nini? Watasema kupe amekimbia jasho. Moyo kupiga ni dalili ya kazi. Mtu akifanya kazi kweli, moyo unapiga."

Siwema alimgeukia Candida.

"Mama Augustino, chukua ndoo mbili. Nenda bombani, jaza, rudi nazo haraka."

Candida alikwenda. Alirudi akihema, kanga imelowa begani. Siwema alimpima: mapigo ishirini na nane. Baada ya dakika tano alimpima tena: kumi na tisa.

"Umeona tofauti?" Siwema alimwuliza Melkiori. "Wote mmefanya kazi. Moyo wa kila mtu hupiga mbio akifanya kazi, kwa sababu misuli inataka damu zaidi. Hilo si kosa. Lakini kazi ikiisha, moyo wenye afya hushuka upesi. Wa mkeo umeshuka. Wako haujashuka."

Melkiori alitazama ukuta wake wa chaki. "Na kilo ninazopunguza?"

"Ni maji. Yako pale sakafuni. Ukinywa, yanarudi. Jasho si mafuta. Sweta halipunguzi kitambi. Linazuia joto lisitoke mwilini, na moyo unapata kazi mbili: kukukimbiza na kukupoza."

Melkiori aliyatazama maji yale sakafuni.

"Wewe ni mfanyabiashara," alisema Siwema. "Mteja akibishana na mizani, unamwambiaje?"

"Namwambia aende duka jingine."

"Basi umepima kwa mizani isiyofaa kwa kazi hii. Kipimo cha moyo ni mapigo haya, nawe usibishane nacho. Kinasema uende hospitali leo."

Alikwenda. Candida alifuatana naye. Daktari alimfunga mpira mkononi, akaujaza hewa, akasikiliza. Akarudia mara ya pili. Presha ilikuwa mia moja na tisini juu ya mia moja na kumi.

"Katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla?" aliuliza daktari.

"Kaka yangu," alisema Melkiori. "Mwaka huu."

Daktari aliandika. Alimpa vidonge. Alimkataza kukimbia na alimkataza chumvi nyingi. Alimwambia atembee kwa miguu kila siku. Hakumwahidi kitu. Alisema, "Rudi baada ya wiki mbili tupime tena."

Nyumbani, Siwema alimfundisha Candida kazi ya kupima. Asubuhi, Melkiori akiwa bado kitandani. Kisha mara tu anaporudi kutembea. Kisha baada ya dakika tano za kukaa. Usitumie kidole gumba, maana kina mapigo yake mwenyewe. Andika kila namba, nzuri na mbaya.

"Akiwa anatembea," alisema Siwema, "asipite thelathini kwa robo dakika. Akipita, apunguze mwendo. Akishindwa kuzungumza huku anatembea, anakwenda mbio mno. Akiona maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na aje zahanati siku hiyohiyo."

Candida alifuta kilo zote ukutani. Namba ya kwanza aliyoandika ilikuwa ishirini na tatu, ya kitandani.

Zikafuata siku mbaya. Wanaume walipita wakikimbia na kuimba, na Melkiori alitembea nyuma yao peke yake, amevaa fulana. Bushiri aligeuka, akapaza sauti.

"Pisheni njia, jamani! Jeneza linakuja polepole!"

Melkiori alisikia kicheko mpaka kilipofika kona. Siku hiyo alirudi bila kufika Jangwani. Alikaa dukani. Candida alimshika mkono, akahesabu, akaandika. Hakumbembeleza.

Mwezi wa saba, Seifu alimwomba Siwema aje uwanjani kupima kila mtu kabla ya kukimbia.

"Shikamoo, mzee," Seifu alimwambia Melkiori. "Uje na wewe uwaonyeshe."

"Marahaba. Nitakuja."

Bushiri alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Nipimeni mimi, mwone moyo wa mtu asiye na gunia tumboni."

Siwema alihesabu. Akatazama saa. Akahesabu tena.

"Umekimbia kuja hapa?"

"Nimekaa hapa nusu saa, nesi. Nimewangoja nyinyi."

"Thelathini na moja," alisema Siwema. "Bila kukimbia."

Hakuna aliyecheka. Siwema alivuta chini kope ya jicho la Bushiri. Ndani palikuwa peupe.

"Kitambi kila mtu anakiona," alisema. "Damu ikipungua, haionekani barabarani. Usikimbie leo. Twende zahanati."

Bushiri alitazama huku na huku. "Mangi," alisema kwa sauti ndogo, "ni mbali?"

"Si mbali. Tutatembea polepole."

Zahanati ilimkuta Bushiri na upungufu mkubwa wa damu uliotokana na minyoo. Alitibiwa kwa miezi miwili. Wanaume wa mtaa waliendelea kukimbia, lakini tangu siku ile Seifu alisimamisha mstari kila walipofika Jangwani. Kila mtu alihesabu mapigo yake. Aliyezidi kiwango chake alirudi kwa kutembea, na hakuitwa mvivu.

Mwezi wa kumi, namba za Melkiori zilikuwa hivi. Kitandani, kumi na tisa. Baada ya kutembea mpaka Jangwani na kurudi, ishirini na nane. Baada ya dakika tano, ishirini na moja. Presha ilikuwa mia moja na hamsini juu ya tisini na tano. Daktari alisema ni afadhali, bado si nzuri, aendelee na vidonge. Kitambi kilikuwa kimepungua kidogo tu.

Asubuhi moja alikuwa akitembea karibu na Mnazi Mmoja. Mtu asiyemfahamu alipita na baiskeli, akapiga kelele, "Kaza mwendo, kupe!"

Miguu ya Melkiori ilitaka kukimbia. Alisimama. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu. Mapigo yalikuwa ishirini na sita. Akaendelea kutembea kwa mwendo uleule.