Maua ya Karatasi ya Nzilani

Siku ya soko mjini Kitui, mwaka wa 1978, Nzilani alipita katikati ya magunia ya pojo akiwa na mkebe wa harambee ya kujenga wodi ya akina mama. Alivaa gauni la manjano, kola ameishona mwenyewe. Kila aliyechanga alivishwa ua jekundu la karatasi. Alipomfikia Nzuki, fundi wa nguo kutoka Kathonzweni, pini ikamchoma kifuani.

"Ai! Shilingi nimetoa, na damu pia?"

"Pole, fundi. Damu haina risiti."

Tangu hapo wakapendana, na Nzuki alimpigia simu kila Jumatano kwenye ofisi ya kamati ya harambee. Siku moja akaja bila kumwambia, akamwona dukani kwa Ndululu, tajiri wa mji, tajiri huyo amemshika mkono. Akageuka, akarudi kwao.

"Nilikuona na Ndululu," akasema kwenye simu Jumatano iliyofuata.

"Uliona akinishika. Mbona hukungoja uone nikijinasua?"

Simu ikakatika.

Nzilani akamwendea Kalunde, mwenyekiti wa kamati, aliyeitwa na wote Mwaitu, yaani Mama. "Si mimi tu anayeshikwa na Ndululu. Mbinya, mwenzangu wa kuchangisha, naye alishikwa kiuno."

Kalunde akashusha pumzi. "Vumilieni, wanangu. Bila Ndululu wodi haina mabati."

Siku ya harambee Ndululu akaweka bahasha nene mezani. "Nzilani aje anivishe ua, halafu akae hapa karibu nami!"

Watu wakacheka. Nzilani akasimama palepale alipokuwa.

"Mzee, tunachangisha pesa. Miili yetu haimo katika mchango. Mikono yako imetuchosha."

Mbinya akaweka mkebe wake chini. Wasichana wengine wanne wakafuata.

Kalunde akainuka polepole kwa sababu ya goti lililomuuma, akachukua ile bahasha, akamrudishia mwenyewe.

"Nilikosea kuwaambia wavumilie. Kuanzia leo watatembea wawili wawili, na anayetaka ua atajivisha."

Ndululu akaondoka. Vigelegele! Akina mama wakaleta kuku, madebe ya pojo, mbuzi, vyote vikapigwa mnada. Kabla jua halijatua, pesa za mabati zilikuwa zimetimia.

Nzuki, aliyekuja bila kujua ataanzia wapi kuomba radhi, akajitokeza na lile ua la zamani kifuani, akivuta mbuzi aliyemnunua mnadani.

"Nilihukumu kabla ya kuona. Nisamehe, mpenzi. Huyu ni wa babako."

Nzilani akamtazama mbuzi, akamtazama fundi.

"Mmoja? Kwetu posa hufunguliwa kwa mbuzi watatu."

"Wawili wako Kathonzweni."

"Basi kawalete," akasema, akimnyooshea ua jipya. "Na usinipigie simu. Njoo nao."