Kicheko cha Kubandika

Kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wote walikimbilia getini isipokuwa watatu waliokimbilia stoo. Humo, katikati ya madawati mabovu, ndimo kundi la Midomo Mitatu lilimofanyia mazoezi ya kurap. Spidi, msichana wa darasa la sita, alirap kama anayefukuzwa na mbwa. Kipaza alikuwa na sauti ya kutoboa bati. Bonge alipiga midundo kwa viganja juu ya dawati, na dawati likaitika.

Siku hiyo walimkuta mwalimu mkuu mlangoni, mikono kiunoni.

"Chumba hiki nataka kukitumia," alisema. "Lakini nasikia mnatengeneza filamu ya vichekesho. Haya, Ijumaa tutawaonyesha darasa la kwanza. Wakicheka, chumba ni chenu. Wasipocheka, mtatafuta kwingine."

"Watacheka mpaka wajikojolee, Mwalimu!" Kipaza akadakia.

"Hao wanajikojolea hata bila filamu," akajibu, akaenda zake.

Filamu yenyewe ilihusu kundi la rap lililopewa kazi ya kupaka ukuta rangi. Wanabishana kwa mistari nani bosi, wanasukumana, wanateleza, na kila mmoja anaishia ndani ya beseni la uji mzito, ambao ndio rangi yao. Waliirekodi kwa simu ya kaka yake Kipaza. Walipomaliza kuitazama, wakabaki kuangaliana. Hakuna aliyecheka.

"Tubandike vicheko," Bonge akashauri. "Watoto wakisikia watu wanacheka, na wao watacheka."

Wakajirekodi wakicheka kwa kujilazimisha, kisha wakabandika kicheko kila mahali mtu alipoanguka.

Jioni Spidi alimpelekea filamu hiyo shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi aliitazama huku mguu wake ukicheza juu ya pedali, ukifuata midundo.

"Nani hao wanaocheka?" akauliza.

"Watu tu, shangazi."

"Watu gani? Mbona mimi ni mtu na sijacheka?" Mguu ukagonga mara tatu. "Haya, chini!" akasema, na kwenye simu Bonge akaanguka. Mguu ukagonga tena. "Sasa wewe, chini!" Spidi naye puu, ndani ya beseni.

"Shangazi, umejuaje?"

"Mimi sijui. Mguu ndio umejua."

Spidi akarudisha filamu nyuma, akaitazama tena na tena. Kumbe! Walizoea kumaliza mstari kwenye mdundo wa nne, basi hata kuanguka walianguka kwenye mdundo wa nne. Nani atashtuka, wakati kila sikio limeshaambiwa?

Kesho yake aliwaambia wenzake, "Tunarekodi upya."

"Wewe una wazimu!" Kipaza akaruka. "Keshokutwa ndiyo Ijumaa, na shati langu bado linanuka uji!"

"Kwani vicheko si vyetu?" Bonge akauliza. "Tulicheka wenyewe."

"Tulijitekenya wenyewe," Spidi akasema, akavifuta vicheko vyote mbele ya macho yao. Wakamnunia. Hata hivyo, akaburuta godoro kuukuu, akaanza kuanguka peke yake.

Mwili ulikuwa mbishi. Kila mdundo wa nne ulipofika, magoti yalilegea yenyewe. Akaanguka, akainuka, akajisonya, akaanza upya. Kiwiko kikachubuka. Bonge alishindwa kuvumilia, akaja kumpigia midundo. Kipaza akafuata, akinung'unika njia nzima. Jua lilipoanza kuzama, Spidi aliweza kuupitisha ule mdundo akiwa wima kama mlingoti, na kesho yake wakarekodi upya.

Ijumaa ukumbi ulijaa watoto wa darasa la kwanza. Filamu ikaanza. Projekta ikaangaza picha ukutani. Mtoto mmoja akaomba kwenda chooni. Spidi akaung'ang'ania ukingo wa benchi.

Kwenye ukuta, yule Spidi wa filamu akamaliza mstari wake. Mdundo wa nne ukaja, ukapita. Hakuanguka. Akatabasamu, akauinamia ukuta aliokuwa akiupaka, kama bingwa, akarudi nyuma hatua moja, na hapo ndipo beseni likammeza!

Ukumbi ukalipuka. Watoto wakapiga miguu chini, wakakumbatiana. "Rudisha! Rudisha!" wakapiga kelele. Yule wa chooni aligoma kutoka ukumbini.

Mwalimu mkuu alikuja akijifuta machozi. "Chumba ni chenu," akasema.

"Mwalimu, kuna kitu," Spidi akaanza. Kipaza akamfinya, lakini alishaanza. "Filamu ya kwanza haikuchekesha. Tulibandika vicheko vya uongo. Tulitaka kukudanganya."

Mwalimu mkuu akawatazama mmoja mmoja, kisha akakiangalia kile kiwiko cha Spidi kilichochubuka.

"Chumba bado ni chenu," akasema. "Vile vicheko vingeweza kunidanganya mimi, lakini visingewafundisha kuchekesha. Kazi ikiwashinda, msiifiche. Tafuteni kosa lilipo, mlirekebishe, hata kama ni kwa kuanguka mara mia. Hawa watoto wamecheka kwa sababu mlifanya kazi, na hicho kicheko ni chenu kweli."